Amana ya Moyo

Jina la Kilimatinde si geni kwa watu wa mwambao na visiwa. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo na nguo, shanga na nyaya kuelekea Unyanyembe ililazimika kuivuka nchi ya Wagogo na kulipa hongo kwa watemi wake. Kisha ilipanda ukingo wa Bonde la Ufa na kuingia katika nyika isiyo na maji, iliyopewa jina la Mgunda Mkali. Kilimatinde imekaa juu ya ukingo huo, na macho ya mwenyeji wake yanashuka hadi mabonde ya Bahi. Wajerumani walijenga boma lao hapo. Reli ya kati ilipofika nchi ile, kati ya mwaka 1910 na 1912, ilipita kando, Saranda na Manyoni, na baadaye makao ya wilaya nayo yakawa Manyoni. Kilimatinde ikabaki na kanisa lake la Anglikana, hospitali ya Mtakatifu Yohana, na wakulima na wafugaji wanaotazama mbingu kila mwaka kuuliza kama mvua itatosha.

Sheria ya misafara ile ilikuwa kavu. Mpagazi aliyeugua njiani aliachwa, kwa kuwa maji yalikuwa machache na mzigo ulikuwa na thamani kuliko mbebaji. Aliyevunjika mguu walau alionekana amevunjika. Aliyevunjika moyo alionekana tu pale alipotua mzigo wake na kutoweka porini, na hapo akaandikwa kuwa ni mtoro. Kati ya mgonjwa na mtoro kuna tofauti kubwa ya hukumu, na tofauti hiyo haikutokana na kilichompata mtu bali na macho ya waliomtazama.

Nimeianza mada kwa mfano huo kwa sababu swali ninalotaka kulijadili ni la macho hayo. Je, ni halali, na ni jambo la hekima, kumfunza mtu wa kawaida, asiye tabibu, namna ya kumtambua na kumsaidia mwenzake aliyeumia akilini au moyoni, kabla hajafikishwa kwa mwenye ujuzi? Nasema mtu wa kawaida nikimkusudia mwalimu wa skuli, katekista, imamu, muuza duka, kinyozi, dereva wa bodaboda, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mafunzo ya namna hii yana jina, huduma ya kwanza ya afya ya akili, na yameenea katika nchi nyingi. Lakini wazo lililozaliwa kwenye mji wenye hospitali kila mtaa halina budi kupimwa mahali ambapo hospitali ya akili iko mbali. Ndiyo maana nimeichagua Kilimatinde iwe mizani ya swali hili.

Mafunzo haya yalianzishwa nchini Australia mwaka 2000, mjini Canberra, na mke na mume: Betty Kitchener, muuguzi aliyewahi kuugua sonona yeye mwenyewe, na Anthony Jorm, mtafiti wa afya ya akili. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Maelfu ya watu wasio madaktari wamefundishwa kufunga jeraha na kuzuia damu, lakini hakuna anayefundishwa la kufanya anapomkuta mtu anatetemeka kwa khofu isiyo na sababu ya wazi, au anasikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anasema amechoka kuishi. Kwa saa 12 hivi mwanafunzi anafundishwa mambo matano: kumsogelea mwenye shida na kupima kama yuko katika hatari, kumsikiliza bila kumhukumu, kumpa faraja na maelezo ya kweli, kumhimiza aende kwa wataalamu, na kumsaidia kuzipata nguzo nyingine za maisha yake, kama vile jamaa, marafiki na ibada. Hafundishwi kutibu. Hafundishwi hata kuutaja ugonjwa kwa jina kana kwamba yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuupa jina.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe: ujuzi mdogo ni hatari kuliko ujinga. Asiyejua atakaa kando, lakini aliyejua nusu ataingiza mkono. Pingamizi hili lina heshima yake, na si jipya. Baada ya vita vya Solferino, mwezi Juni 1859, wanawake wa Castiglione waliwahudumia maelfu ya majeruhi kwa vitambaa na ndoo za maji, bila kuuliza huyu ni wa jeshi gani. Mfanyabiashara wa Geneva, Henry Dunant, aliyaona hayo, na kutokana nayo likazaliwa wazo la Msalaba Mwekundu. Mwaka 1878, daktari wa jeshi Peter Shepherd alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwafundisha raia huduma ya kwanza, huko Woolwich, Uingereza. Jambo lile halikumfanya kila raia awe daktari wa upasuaji. Lilimfanya ajue mambo mawili: la kufanya mpaka daktari afike, na lisilofaa kufanywa kabisa. Hilo la pili aghalabu ndilo linalookoa maisha zaidi. Aliyefundishwa hamvuti aliyevunjika shingo kwa kumshika miguu.

Kadhalika kwa akili. Ukitazama madhara wanayotendewa wenye maradhi haya katika vijiji na mitaa yetu, utaona kwamba mengi hayatoki kwa watu wa ujuzi nusu. Yanatoka kwa watu wa kawaida wasiofundishwa lolote, ambao hawakai kando hata kidogo. Wanafunga kamba, wanapiga, wanacheka, wanafukuza, wanasema huyu amerogwa na huyu anajitia tu. Kwa hiyo, hatuchagui kati ya jirani anayeingilia na jirani anayejizuia. Jirani ataingilia tu. Kinachobaki mikononi mwetu ni namna atakavyoingilia. Pingamizi hili, ukilichunguza, linageuka kuwa hoja ya kuunga mkono mafunzo, mradi mafunzo yenyewe yaanze kwa kumfundisha mtu mipaka yake.

Historia ya nchi yetu inaongeza uzito. Hospitali ya kwanza ya akili katika Tanganyika, na katika Afrika Mashariki yote, ilikuwa Lutindi katika milima ya Usambara. Wamisionari wa Bethel waliijenga mwaka 1896 kuwa makazi ya watoto waliookolewa utumwani, na miaka michache baadaye ikageuzwa kuwa ya wagonjwa wa akili. Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, na penye Mirembe pakawa na Isanga kwa wale waliopitia mahakamani. Sisi wa Unguja tunayo Kidongo Chekundu. Majina haya yalifanya kazi kubwa na njema, lakini katika lugha ya mitaani yaligeuka kuwa matusi. Kumwambia mtu "wewe wa Mirembe" au "wa Kidongo Chekundu" ni kumtoa katika safu ya watu. Jengo lililokusudiwa kuponya likawa mpaka: huku wazima, kule wao. Umma ukazoea kwamba akili ya mtu ikitikisika kazi yetu imekwisha, na kazi ya ukuta imeanza.

Walikuwapo walioliona kosa hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tanzania, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani, ilijaribu katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro mpango wa kuzishusha huduma za akili hadi kwenye zahanati na vituo vya afya, ili mgonjwa atibiwe karibu na kwao. Lilikuwa wazo linalolingana na siasa ya wakati ule ya kijiji kujitegemea. Lakini hata zahanati ina mlango, na mlango huo hauvukwi na mtu asiyejua kwamba kinachomsumbua ni jambo la zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha wagonjwa wa vituo vya afya na wagonjwa wa waganga wa jadi jijini Dar es Salaam, ulikuta kwamba waliokuwa na sonona, wasiwasi na maradhi ya jamii hiyo walikuwa takriban asilimia 24 vituoni na asilimia 48 kwa waganga. Hapa hatuna haja ya kuwalaumu waganga wala wagonjwa. Tunajifunza tu kwamba watu wanakwenda mahali wanaposikilizwa, na kwamba nusu ya safari ya tiba huamuliwa na yule wa kwanza aliyeulizwa: "Unadhani niende wapi?" Huyo wa kwanza, karibu kila mara, ni mtu wa kawaida.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka ndani ya utamaduni wetu. Ni suala la siri na sitara. Katika mji mkubwa mtu anaweza kumfungulia moyo mgeni na wasionane tena. Kilimatinde, kama ilivyo Makunduchi au Wete, anayekusikiliza leo ndiye utakayekutana naye kisimani kesho, ndiye anayemjua mkweo, ndiye huenda akaja kumposa binti yako. Maneno yakitoka hayarudi. Ukisikika kwamba ulisema hutaki kuishi, jambo hilo litatangulia mbele ya watoto wako kwa miaka. Ndiyo maana wazee walitukuza sitara. Kumsitiri mwenzio ni kumfunika asionekane katika hali ambayo yeye mwenyewe, akirejewa na nguvu zake, asingependa kuonekana nayo.

Wapo wanaodhani kwamba sitara ni adui wa afya ya akili, na kwamba dawa ni kila mtu kusema kila kitu hadharani. Sikubaliani nao. Lakini pia sikubaliani na wanaoitumia sitara kama jiwe la kufunika kisima. Sitara ya kweli inamfunika mtu. Haiufuniki ugonjwa ukaendelea kumla. Wahenga waliposema mficha maradhi kifo humuumbua, hawakuwa wanaifuta sitara. Walikuwa wanaiwekea mpaka. Nguo ya kumsitiri mgonjwa haizuii mkono wa muuguzi kulifikia jeraha. Kwa hiyo, swali la kumuuliza anayetaka kufundishwa kazi hii si kwanza "Unajua nini?" bali "Umewahi kuaminiwa siri, nayo ikakaa?" Kijiji kinawajua watu wake. Kila kijiji kina mtu ambaye maneno yakiingia kwake hayatoki, na mara nyingi si kiongozi wala msomi. Akichaguliwa mwenye cheti akaachwa mwenye kifua, mafunzo yatakuwa yameharibika kabla hayajaanza.

Hapa ndipo lugha yetu inapotupa neno linalofaa kuliko yote: amana. Amana si mali ya aliyekabidhiwa. Hawezi kuitumia, kuionyesha, wala kujipambia. Lakini pia hana ruhusa ya kuiacha ipotee. Anayesikiliza huzuni ya mwenzake amekabidhiwa amana, na amana ina wakati wake wa kupelekwa kwa mwenye uwezo wa kuihifadhi. Kama niliyeelezwa siri naona kwamba mwenzangu usiku huu anaweza kujiua, basi kunyamaza kwa jina la siri ni kuipoteza amana yenyewe. Hapo nitamwambia wazi: hili siwezi kulibeba peke yangu, twende pamoja. Kufanya hivyo hakuivunji siri. Inahama pamoja naye, mbele ya macho yake na kwa kujua kwake.

Jambo hilo linatuleta kwenye fundisho lililo gumu kuliko yote katika mafunzo haya. Wanafunzi wanaambiwa kwamba, wakimdhania mtu kuwa anafikiri kujiua, wamuulize waziwazi. Kwa adabu yetu, kauli hiyo ni kama kumwaga maji ya moto. Kifo hakitajwi mbele ya mgonjwa. Kukitaja ni kukiita. Tunazungukazunguka: "Umejiinamia sana siku hizi", "Usifanye mambo ya ajabu", "Mshukuru Mungu". Lakini uzoefu wa wanaofanya kazi hii, na tafiti zilizofanywa, vinaonyesha kwamba swali la wazi na la upole halimpandikizii mtu wazo la kufa. Mara nyingi linamtua mzigo, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mtu mwingine ameingia katika chumba alichokuwa amejifungia peke yake. Sidhani kwamba hapa tunapaswa kuiacha adabu yetu. Tunapaswa kuitafutia kauli. Kiswahili, lugha iliyojaa mafumbo na ya mkato pia, haishindwi kuuliza: "Ndugu yangu, uchungu huu umefika hadi ya kuona bora usiwepo?" Swali hilo ni wazi, na bado lina sitara yake.

Sheria nayo ilichangia ukimya. Kanuni ya Adhabu iliyotungwa Tanganyika mwaka 1945, enzi za Waingereza, ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Waingereza wenyewe walilifuta kosa hilo kwao mwaka 1961, wakaliacha katika vitabu vya makoloni yao. Nchini Kenya, ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo kinapingana na Katiba. Fikiria hali ya jirani mwema chini ya sheria kama ile: anaogopa kwamba akimpeleka mtu hospitali atakuwa amempeleka polisi. Haitoshi kumfunza raia kuwa na huruma ikiwa sheria inamfunza kunyamaza.

Pingamizi la tatu linahusu maana. Nani ameamua kwamba huzuni hii ni ugonjwa? Nchi ya Wagogo inajua njaa kwa majina yake. Ile iliyoitwa Mtunya, iliyofuatia Vita vya Kwanza vya Dunia, ilizuka baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa. Angetokea mtu mwaka 1919 akamkuta mzee ameketi mlangoni, halali, hali, hasemi, akamwambia "una sonona", angekuwa amesema kweli ya kitabu na kumdhulumu mzee wa watu. Mzee yule alikuwa amenyang'anywa chakula na wana. Dhiki yake ilikuwa na wahusika, na kuiita maradhi yake ni kuwasafisha wahusika hao.

Hatari hiyo ipo hata leo. Mkulima ambaye uwele wake umekauka, kijana aliyemaliza skuli na hana kazi, mke anayepigwa kila usiku: hawa wote wanaweza kuonyesha dalili zilizoandikwa katika mwongozo. Mafunzo yasipoangalia yatawafundisha wanakijiji kuhamisha lawama kutoka kwenye jambo na kuiweka ndani ya kichwa cha aliyeumizwa na jambo. Lakini kwa upande wa pili, kweli haikomei hapo. Wakulima wawili wanakaukiwa na mashamba mwaka mmoja. Mmoja anasikitika na kuhama kutafuta kibarua, wa pili anashindwa hata kunyanyuka kitandani kwa miezi. Tukimwambia huyu wa pili kwamba tatizo lake ni mvua tu, tunamwacha peke yake na kitu kinachoweza kusaidiwa. Mtu anaweza kudhulumiwa na akaugua kwa sababu ya dhuluma. Haki yake ni mbili, wala moja haifuti nyingine.

Mfano ulionifanya niamini kwamba njia ya kati inawezekana unatoka Zimbabwe. Katika mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda, mmoja wa mabingwa wachache wa magonjwa ya akili nchini humo, alianza kazi Mbare, Harare, na wanawake wazee 14. Alikuwa amempoteza msichana aliyekuwa mgonjwa wake. Alijiua, na mama yake akaeleza baadaye kwamba hawakurudi hospitali kwa kukosa nauli ya basi. Bibi hao walifundishwa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza anayekuja. Walimuuliza matatizo yake ni yapi, wakamsaidia achague moja, na wakatafuta naye hatua ya kwanza ya kulitatua. Hawakutumia jina la kigeni la ugonjwa. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Neno ambalo msemaji wa Kiswahili halimpigi chenga, kwani nasi husema fulani "ana mawazo" na kila mtu akaelewa kwamba hatumsifu kwa falsafa. Jaribio la kitaalamu lililofanywa katika kliniki 24 za Harare kwa watu 573, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa na mabibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Tazama kilichofanyika pale. Bibi hakumwambia mtu kwamba njaa yake ni ugonjwa, wala hakumwambia kwamba ugonjwa wake ni njaa tu. Alichukua mawazo na sababu ya mawazo akaviweka juu ya benchi moja. Ni kazi ambayo somo wa unyago, shangazi na mzee wa mtaa walikuwa wakiifanya kabla maneno ya kitaalamu hayajafika. Mafunzo hayakuiumba hekima ile. Yaliipa utaratibu, yakaiwekea mipaka, na yakaiunganisha na kliniki iliyokuwa hatua chache nyuma ya benchi.

Neno "hatua chache" ndilo linalonirudisha Kilimatinde na kuzaa pingamizi la nne, ambalo kwangu ndilo kubwa. Tumewahi kuona jambo kama hili. Katika miaka ya 1970 na 1980, nchi nyingi za Afrika, ikiwamo Tanzania, ziliwafundisha wakunga wa jadi. Walipewa mikoba, wakafundishwa usafi na dalili za hatari. Wengi walikuwa hodari na waaminifu. Lakini kuanzia miaka ya 1990 wataalamu wa dunia walianza kuliacha tegemeo hilo, kwa kuwa vifo vya wazazi havikupungua kama ilivyotarajiwa. Mkunga alitambua kwamba damu ni nyingi mno, akajua kwamba mama anahitaji hospitali, akatoka nje, na gari halikuwapo. Kumfundisha mtu kuiona hatari bila kumpa njia ya kuikimbia ni kumwongezea mateso ya kuwa shahidi.

Katika afya ya akili ushahidi nao unatutaka tuwe waangalifu. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba aliyepata mafunzo haya anaongeza maarifa, anapunguza dharau kwa wagonjwa, na anapata ujasiri wa kusaidia. Lakini mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023 yalikuta kwamba bado hakuna ushahidi wa kutosha wa kusema kama yule anayesaidiwa anapona zaidi kuliko asiyesaidiwa. Hili ni jambo la kulitafakari. Inawezekana kabisa kumfundisha mtu, akapewa cheti, akapigwa picha, akajihisi mwema, na mgonjwa akabaki pale pale. Wema unaomnufaisha mtoaji peke yake si haramu, lakini haustahili kuitwa huduma.

Kutoka Kilimatinde hadi Mirembe ni zaidi ya kilomita mia moja. Hospitali ya Mtakatifu Yohana iko karibu, na hiyo ni neema ambayo vijiji vingi havina. Lakini swali la haki linabaki. Taifa lenye watu zaidi ya milioni 61, kwa sensa ya 2022, lina mabingwa wachache mno wa magonjwa ya akili. Katika hali hiyo ni rahisi kwa wenye madaraka kulishangilia wazo la jirani mtabibu, kwa sababu jirani hadai mshahara, hadai nyumba ya mtumishi wala posho ya likizo. Na tukimtazama jirani huyo kwa makini tutakuta kwamba mara nyingi ni mwanamke. Yeye ndiye aliyekwisha kubebeshwa maji, kuni, watoto, wagonjwa na mazishi. Sasa anakabidhiwa na huzuni za kijiji kizima. Nani atamsikiliza yeye? Mtu anayepokea uchungu wa wengine kila siku bila pa kuupeleka hugeuka kuwa chombo kilichojaa, na chombo kilichojaa humwagika au hupasuka.

Kwa hiyo, jibu langu kwa swali la mwanzo ni ndiyo, lakini ni ndiyo yenye masharti, na masharti yenyewe ni ya kimaadili kabla ya kuwa ya kiutawala. Sharti la kwanza ni kwamba achaguliwe mwenye kifua, na kijiji chenyewe kiwe na kauli katika kumchagua. La pili, afundishwe kwa lugha ambayo watu hulilia. Kigogo kwa anayelia kwa Kigogo, Kiswahili kwa anayelia kwa Kiswahili. La tatu, nyuma yake awepo mtu mwenye ujuzi wa kumwita, dawa zisizokatika katika hospitali ya karibu, na namna ya kulipa nauli. La nne, naye awe na wa kumtua mzigo, kila baada ya muda, bila kuomba. La tano, kazi yake isitumiwe kama kisingizio cha kutoajiri wauguzi wala kuwa pazia la kuifunika njaa. Yakikosekana haya, afadhali tukiri kwamba tunagawa vyeti.

Hata hivyo, nisingependa masharti yawe kimbilio la kutofanya lolote. Kuna sehemu ya kazi hii isiyohitaji bajeti wala kibali, na ndiyo iliyo ngumu zaidi. Nayo ni kukaa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na uchungu wa akili nao anaujua aliye ndani yake. Aliye nje hawezi kuingia, lakini anaweza kukaa mlangoni. Kila kabila la nchi hii linajua kukaa matangani. Watu wanakuja, wanakalia mkeka, wengine hawasemi chochote isipokuwa "pole", na mfiwa anaondokewa na sehemu ya upweke wake. Hatumwambii mfiwa ajikaze ndani ya saa moja, wala hatumuulizi amefanya dhambi gani mpaka akafiwa. Tunajua tayari, kwa msiba wa kifo, adabu yote ambayo mafunzo haya yanataka kutufundisha kwa misiba mingine. Tulichokosa ni kukubali kwamba mtu anaweza kuwa na msiba ilhali hakuna maiti ndani ya nyumba.

Tukilikubali hilo, mafunzo yatakuwa yamepata udongo wa kuotea. Mwalimu ataweza kuja na mwongozo wake wa hatua tano, na mwanakijiji hataupokea kama sheria ya kigeni; atautambua kuwa ni matanga ya aliye hai. Tusipolikubali, hata tukiwafundisha watu elfu, wataendelea kumwona mtoro pale alipoketi mgonjwa.